Duka la Sandwichi la Waitalia

Mji mkubwa hauwezi kupendwa wote kwa mara moja. Mtu hupenda mtaa wake, na katika mtaa hupenda njia yake, na katika njia hiyo aghalabu pana mlango mmoja ambao akiukuta umefungwa huona kama siku yenyewe imepungua. Kwa mmoja mlango huo ni wa msikiti au wa kanisa. Kwa mwingine ni wa kinyozi. Kwa mwingine ni wa mpishi wa chai na mandazi. Wasafiri warudipo kutoka nchi za mbali hutusimulia habari za majumba marefu, madaraja, na magari ya moshi yapitayo chini ya ardhi, nasi husikiliza kwa mshangao. Lakini vitu hivyo, pamoja na ukubwa wake wote, havimjui mtu. Mlango mdogo wa mtaani humjua. Ndiyo sababu katika insha hii nimechagua kusema habari za duka dogo la sandwichi, lisilozidi ukubwa wa darasa moja, katika mji wa Philadelphia, nchi ya Marekani.

Nilikaa katika mji huo miezi mitatu mwaka 2019, nyumbani kwa dada yangu ambaye ni muuguzi. Philadelphia ni mji wa watu zaidi ya 1,600,000 kwa hesabu ya mwaka 2020. Dada alikaa upande wa kusini, karibu na njia iitwayo 9th Street, ambapo pana soko la kale ambalo wenyeji huliita Soko la Waitalia. Nyumba za huko ni za matofali mekundu, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na kona nyingi zina maduka yake. Dada alikuwa kazini mchana kutwa au usiku kucha kwa kadiri ya zamu yake, nami nilikuwa mgeni. Na mgeni asiye na kazi hujifunza kona za mtaa upesi. Katika juma la kwanza nilikwisha kulijua duka hili, na kabla ya mwezi kwisha mwenye duka alikwisha kunijua mimi.

Mwenye duka alikuwa mzee aliyepita miaka sabini, mtu mfupi, mwenye mikono minene na sauti ya upole. Babu yake alitoka Abruzzo, mkoa wa milima huko Italia. Dari ya duka ilikuwa imetungikwa jibini ndefu zilizofungwa kwa kamba, na mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa. Rafu zilijaa makopo ya mafuta ya zeituni na nyanya. Mbele palikuwa na kaunta ya kioo, na juu yake mashine ya kukatia nyama ambayo mzee aliisafisha mara nyingi kuliko alivyonawa mikono yake mwenyewe. Meza za kulia zilikuwa mbili tu. Wengi walichukua sandwichi zao wakaenda. Waliokaa ni wazee wa mtaa, mama mmoja aliyeleta mbwa wake hadi mlangoni tu, na mimi.

Kutengeneza sandwichi kulikuwa kazi ya dakika tano, lakini kila dakika ilikuwa na sheria yake. Mkate, ambao urefu wake ni kama tangu kiwiko hadi kiganja, uliletwa na waokaji kabla ya mapambazuko. Wa jana haukutumika. Ganda lake sharti liwe gumu kidogo ili lisilegee, na ndani yake sharti pawe pororo. Ulipasuliwa upande mmoja tu, ukafunuliwa kama kitabu. Kwanza ziliwekwa tabaka za jibini kali iitwayo provolone, ili ziukinge mkate na maji ya nyanya. Juu yake zilifuata nyama za nguruwe zilizokaushwa kwa chumvi na viungo, zikiwa zimekatwa nyembamba hata ungeinua kipande kimoja ungaliona mwanga ng'ambo ya pili. Wembamba huo haukuwa ubahili. Nyama ya chumvi ikikatwa nene huchosha meno na kuficha ladha yake. Ikikatwa nyembamba na kukunjwa kwa ulegevu, kila kiungo hujitokeza. Kisha yalikuja majani ya saladi yaliyochanwa kama nyuzi, na nyanya, na vitunguu, na pilipili za achari. Mwisho kabisa mafuta ya zeituni, siki kidogo, na majani makavu ya oregano. Sandwichi ilikatwa vipande viwili, ikaviringwa katika karatasi nyeupe, na mzee akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili, kama mtu atoaye barua ya maana.

Waitalia si wageni kabisa kwetu. Msomaji aliyepita Mai Mahiu, chini ya mteremko wa Bonde la Ufa, ameliona kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitalia waliokuwa wakitengeneza barabara ile. Lakini Waitalia wa Philadelphia hawakupelekwa huko na vita. Walipelekwa na njaa na tumaini. Kati ya mwaka 1880 na mwaka 1920 Waitalia zaidi ya 4,000,000 waliingia Marekani, na wengi wao walitoka kusini: Abruzzo, Calabria, na kisiwa cha Sicily. Huko kwao ardhi nyingi ilikuwa mikononi mwa mabwana wachache, na mkulima alipalilia shamba ambalo hakulimiliki. Nyama ilikuwa chakula cha sikukuu. Siku nyingine alikula mkate, maharagwe na mboga. Walipofika Marekani walichimba mitaro, walitandika reli, walishona nguo, walipakua mizigo bandarini. Ujira wao ulikuwa mdogo, lakini ulitosha kununua kitu ambacho baba zao hawakuweza kukinunua kila juma, nacho ni nyama.

Hapo ndipo penye jambo linalostahili kufikiriwa. Sandwichi hii iitwayo ya Kiitalia haikutoka Italia. Huko Italia watu hutia kitu kimoja au viwili katika mkate, wakaridhika. Mkate mrefu uliojazwa nyama za namna tatu pamoja na jibini, mboga na mafuta ni mtoto wa ugenini. Ulizaliwa pale ambapo mtu aliyezoea kukosa alipata, na mfanyakazi asiye na muda wa kurudi nyumbani mchana alihitaji chakula kizima cha kushika mkononi. Kila mji uliupa jina lake. Watu wa New York huuita hero. Huko New Orleans, katika duka la Central Grocery lililofunguliwa mwaka 1906 na mtu wa Sicily, mkate huwa wa duara, hujazwa zeituni zilizokatwakatwa, na huitwa muffuletta. Watu wa Philadelphia huuita hoagie. Wengine husema jina hilo lilitoka Hog Island, palipokuwa na kiwanda kikubwa cha kuunda meli wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambapo vibarua wa Kiitalia walikula mikate hiyo. Wengine hukataa, na ubishi huo haujaisha hata leo. Lisilo na ubishi ni kwamba mwaka 1992 meya wa mji aliutangaza hoagie kuwa sandwichi rasmi ya Philadelphia.

Msomaji asidhani kwamba heshima hiyo ilikuja kwa urahisi. Watu wale ambao chakula chao sasa ni fahari ya mji walichekwa kwa lugha yao, kwa dini yao, na kwa harufu ya vitunguu saumu nguoni mwao. Tarehe 14 Machi mwaka 1891, huko New Orleans, umati wa watu ulivamia gereza na kuwaua watu 11 wa asili ya Kiitalia, ambao wengine kati yao walikuwa wametoka mbele ya baraza la hukumu bila kuonekana na hatia. Mwaka 1924 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kupunguza wageni. Mwaka 1914 Waitalia zaidi ya 280,000 walikuwa wameingia nchini. Kwa sheria hiyo mpya waliruhusiwa watu wasiofika 4,000 kwa mwaka. Hivyo chakula kilikaribishwa mezani baada ya mpishi kusimamishwa mlangoni kwa muda mrefu. Si Marekani tu mambo huenda hivyo.

Nimesema kwamba nyama za sandwichi hii ni za nguruwe, na yumkini baadhi ya wasomaji wamekwisha kujiuliza kama Mwislamu angeweza kula katika duka hilo. Nami nilijiuliza hivyo siku moja alipoingia mtu wa Afrika ya Magharibi, dereva wa teksi, akiwa na kofia yake ya sala. Mzee hakuuliza neno. Alichukua kikaango kilichotundikwa peke yake mbali na vingine, akakata pilipili hoho, akazikaanga kwa mafuta ya zeituni mpaka zikalainika, akazimiminia mayai, akajaza mkate, akaukata kwa kisu kingine. Baadaye alinieleza kwamba sandwichi ile ya mayai na pilipili ni ya tangu zamani. Wakatoliki wa Kiitalia waliila siku za Ijumaa wakati wa Kwaresima, ambapo dini yao iliwakataza nyama. Alikuwa akiitengeneza majuma machache tu kwa mwaka. Dereva yule alipohamia mtaani, mzee alinunua kikaango kipya na kuanza kuitengeneza mwaka mzima. Mfungo wa watu wa dini moja ulikuwa umemlisha mtu wa dini nyingine, na hakuna aliyehutubia wala kupigiwa makofi.

Mzee hakuwa peke yake dukani. Alikuwa na msaidizi, mtu wa miaka thelathini na kitu, aliyetoka Puebla katika nchi ya Meksiko. Watu wengi wa Puebla wamehamia mtaa ule, na siku hizi katika Soko la Waitalia utasikia Kihispania kila upande. Msaidizi huyu alianza kwa kuosha vyombo na kufagia. Kisha alipewa kukata vitunguu, baadaye mboga zote, baadaye jibini. Mashine ya nyama hakuigusa mpaka mwaka wa nne. Mimi nilifunzwa kazi yangu katika chuo cha ualimu, na huko tuliambiwa kwamba mwanafunzi hujifunza kwa kutenda, hatua kwa hatua, kutoka jambo rahisi hadi jambo gumu. Tuliandika maneno hayo katika madaftari yetu. Katika duka lile niliyaona yakitendwa na mtu ambaye hakuingia chuo chochote.

Sasa mzee alikuwa amechoka. Watoto wake watatu walikuwa wamesoma: mmoja mwanasheria, mmoja mhandisi, mmoja mwalimu. Hakuna aliyetaka kusimama nyuma ya kaunta saa kumi na mbili kila siku, na baba yao hakuwalaumu, kwa maana alisimama hapo ili wao wasisimame. Habari zilienea mtaani kwamba anataka kumwuzia duka msaidizi wake, kwa malipo ya kidogo kidogo. Ndipo maneno yalipoanza.

Asubuhi moja nilikuwa nimeketi katika meza yangu wakati rafiki wa mzee, waliyekua pamoja katika njia ile ile, alipoyatoa yaliyokuwa moyoni mwake. Alisema bila kupunguza sauti, ijapokuwa msaidizi alikuwa hatua tatu kutoka hapo:

"Duka hili ni la Waitalia tangu baba yako. Akilishika mtu wa Meksiko, litakuwa la Waitalia tena?"

Mzee hakukasirika. Akamwuliza, "Sandwichi uliyokula sasa hivi umeionaje?"

"Kama siku zote. Nzuri."

"Basi ni yeye aliyeitengeneza. Mkono wangu wa kulia unauma tangu wakati wa baridi. Ni yeye anayekulisha wewe miezi miwili sasa."

Rafiki yake alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Hata hivyo si sawa," akavaa kofia yake, akatoka. Wala usidhani, msomaji, kwamba alirudi kesho yake akaomba radhi. Alirudi, akaagiza kama kawaida, na moyo wake ulikuwa vile vile. Hoja hushinda ulimi upesi. Moyo hauna haraka hiyo.

Msaidizi aliendelea kukata vitunguu kana kwamba hakusikia. Lakini wateja walipopungua nilimwuliza kama maneno yale yalimwumiza. Alifikiri kidogo, kisha akanijibu neno ambalo sijalisahau. "Maneno si kitu, mwalimu," alisema. "Linalonitisha ni jingine. Mzee akikosea, watasema leo amechoka. Mimi nikikosea, watasema tulijua, kazi hii si yao."

Neno hili linanijia mara kwa mara niwapo darasani. Mwalimu apelekwaye kufundisha mbali na kwao hulijua bila kuambiwa. Mwanafunzi wa kabila moja aingiaye shule ambayo wenzake wote ni wa kabila jingine hulijua pia. Msichana ajifunzaye ufundi wa magari katikati ya wavulana hulijua. Kosa la mwenyeji huwa ni kosa la mtu mmoja, nalo husahauliwa kabla ya jioni. Kosa la mgeni hutwikwa ukoo wake wote. Kwa hiyo mgeni hufanya kazi kwa mizani miwili: ule wa kazi yenyewe, na ule wa macho yanayomngojea aanguke. Kijana yule aliipima nyama kwa uangalifu mkubwa kuliko bwana wake, na wateja walisema ana mkono mzuri. Sidhani kwamba walijua gharama ya mkono huo.

Na tukisema kwamba kazi fulani ni ya watu fulani, tunasema nini? Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Sikukuu ya Krismasi ikikaribia, nyumba nyingi za Kenya hunuka chapati. Mama apondaye unga siku hiyo hadhani kwamba anapika chakula cha kigeni, wala hadhani vibaya. Lakini chapati ilifika kwetu pamoja na Wahindi waliovuka bahari, wafanyabiashara na mafundi, na wafanyakazi zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na mwaka 1901. Leo mtu angemwambia mama huyo kwamba chapati si yake, angemcheka, na angekuwa na haki ya kumcheka. Imekuwa yake kwa njia moja tu: aliichukua akajifunza kuipika vizuri, akawafunza wanawe. Hiyo ndiyo hati ya kumiliki kazi. Damu haifundishi mkono kukata nyama, wala jina la ukoo halichachui unga. Babu wa mzee yule aliichukua sandwichi iliyozaliwa ugenini akaifanya yake kwa jasho. Kijana wa Puebla alitembea njia ile ile, akiwa nyuma yake kwa miaka mia moja tu.

Niliondoka kabla jambo halijaamuliwa. Lakini dada aliniandikia mwaka uliofuata. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, mikahawa ya mji ilikatazwa kuketisha watu ndani. Mzee, kwa umri wake, alibaki nyumbani. Msaidizi aliweka meza mlangoni, akauza sandwichi kutoka hapo, na jioni alizunguka kwa baiskeli akiwapelekea wazee wa mtaa ambao hawakuthubutu kutoka. Miongoni mwa nyumba alizobisha hodi ilikuwa ya yule rafiki wa mzee. Dada hakuniambia kama mtu yule alibadili mawazo yake. Aliniambia tu kwamba kila jioni kifurushi chake cha karatasi nyeupe kiliwekwa kizingitini, na kila asubuhi pesa zilikuwa chini ya kopo lililokuwa hapo. Mwisho wa mwaka hati za duka zilitiwa sahihi. Jina la Kiitalia lililoandikwa juu ya mlango mwenye duka mpya aliliacha vile vile, na kikaango cha mayai kikabaki kimetundikwa peke yake.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni methali ambayo watu huitumia kumhimiza mgeni mvivu, na matumizi hayo ni sahihi. Lakini ina upande wa pili ambao hatuutazami sana. Ukimpa mtu jembe, naye akalima, akapalilia, akavuna, akakulisha, basi umekwisha kumfanya mwenzako katika shamba. Wahenga hawakusema kwamba siku ya nne umwulize alikotoka. Ninyi mnaosoma insha hii mtatawanyika hivi karibuni: wengine mtakwenda kufanya kazi katika miji ambayo si yenu, na wengine mtabaki nyumbani na kuwapokea wanaokuja. Mkiwa wageni, jifunzeni kazi mpaka kisu kikutii mkononi. Mkiwa wenyeji, na mgeni akakosea, mpeni haki ile ile mnayojipa wenyewe: semeni leo amechoka.